Damu ya Mandera na Mashine Isiyoijua

Saratani ya umio, ambayo wengi nchini Kenya huiita saratani ya koo, ni ugonjwa wa hila. Mgonjwa hushtuka pale chakula kinapoanza kukwama, na aghalabu wakati huo uvimbe huwa umekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia. Kuuthibitisha huhitaji endoskopia, yaani kupitisha kooni mrija wenye kamera na kukata kipande cha nyama kikapimwe maabarani. Kwa mkazi wa Mandera, pembeni kabisa mwa nchi inapopakana na Ethiopia na Somalia, huduma za kibingwa ziko mbali. Nairobi ni safari ya takriban kilomita 1,000, na kituo cha saratani cha kanda kilichoko Garissa nacho si karibu.

Ndiyo maana wazo la kupima damu linavutia. Seli za saratani huacha dalili katika damu: vipande vya DNA, protini na molekuli nyinginezo. Dalili moja pekee haitoshi. Lakini kompyuta ikionyeshwa damu ya wagonjwa wengi na ya watu wenye afya, hujifunza kutambua mpangilio ambao jicho la binadamu halingeuona. Kipimo hicho hakingechukua nafasi ya endoskopia, bali kingeonyesha nani aharakishwe kuifikia.

Hata hivyo, mashine hujua kile tu ilichofundishwa. Nchini Marekani na Uingereza, saratani ya umio iliyoenea zaidi ni ya seli za tezi. Afrika Mashariki inayotawala ni ile ya seli bapa. Uchina nako hutawala hii ya pili, ila vyakula, mazingira na nasaba za watu ni tofauti. Isitoshe, madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, wamekwisha kuripoti wagonjwa wasiotimiza miaka 30. Mashine iliyofunzwa kwamba huu ni ugonjwa wa wazee itamrudisha nyumbani kijana wa Mandera aliye mgonjwa. Hofu hii ina msingi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni kilishindwa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi takriban mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Nguo ya kuazima, wahenga walinena, haisitiri maungo.

Yafaa basi utafiti uanze na damu ya Mandera yenyewe, na uanze kwa ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mama anayejua Kisomali pekee, akitia alama ya kidole kwenye karatasi ya Kiingereza, hajaridhia lolote. Hapa wataalamu wa lugha wana wajibu. Jibu la mashine ni uwezekano. Likifasiriwa kuwa hukumu, mzima atauza ngamia kwa safari isiyo na haja, na mgonjwa atalala akijidhani salama.

Serikali ya kaunti itakapoletewa kipimo cha aina hii, na iulize kwanza kimejaribiwa kwa damu ya nani. Isipopata jibu, isitoe hata shilingi moja.