Wapemba wa Kenya: Kazi Ilitangulia Kitambulisho

Mtu akisimama Rasi ya Kigomasha, hapa Makangale, akaelekea machweo, mbele yake ni Mkondo wa Pemba, na ng'ambo yake ni pwani ya Bara, ambako kuna Vanga, Shimoni na Gazi. Wazee wetu hawakuuhesabu mkondo huo kuwa ni mpaka. Waliuvuka kufuata samaki. Baadhi yao wakaoa huko, wakazaa na kuzikwa huko. Vizazi vyao, vilivyotapakaa Kwale, Kilifi hadi Lamu, ndio Wapemba wa Kenya, wanaokadiriwa kuwa kati ya watu 7,000 na 8,000.

Yapo makundi ya wachache yanayosifika kwa wakubwa wake. Wamaroni wa Lebanon ni wachache katika nchi za Kiarabu. Hata hivyo, kwa mapatano ya 1943, Rais wa nchi yao hutoka kwao, na mwandishi Kahlil Gibran alizaliwa miongoni mwao. Wapemba wa Kenya hawasifiki kwa vyeo. Mashuhuri wao ni nahodha anayejua maji makuu, fundi wa nyavu na madema, na mama anayekaanga samaki sokoni. Hao wamelisha miji ya pwani ile kwa miaka mingi.

Lakini mlishaji huyo hakuwa na karatasi. Asiye na kitambulisho hapati leseni ya kuvua kwa jina lake, hafungui akaunti benki, wala hasajili simu. Sheria ya Uraia ya Kenya ya 2011 iliwafungulia mlango wasio na uraia wowote, kwa sharti kwamba wawe wameishi humo tangu tarehe 12 Desemba, 1963, na wajue Kiswahili au lugha ya kienyeji. Kwa Kiswahili, Mpemba hana wasiwasi. Kilichowakwaza baadhi yao ni tarehe, kwani walifika baadaye.

Wamakonde, waliokwenda huko kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016, wakakubaliwa. Washona wakafuata. Tarehe 28 Julai, 2023, huko Kilifi, Rais William Ruto aliwakabidhi Wapemba vyeti na vitambulisho. Hatua hiyo yastahili pongezi.

Hata hivyo, tusiishie kushangilia ya jirani. Mwaka 2024 Serikali yetu nayo iliwapa uraia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wakiishi Zanzibar bila ya uraia, wenye asili ya nchi kama Msumbiji, Ngazija na Burundi. Nao walikuwa wakilima na kujenga nasi kabla ya kuandikwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Na mwenyeji aliyepona hana budi kukumbuka.

Kwa hiyo, ndugu watendaji, kazi haikwishi siku ya sherehe. Cheti kisichomfikisha mtoto skuli, au mvuvi kwenye leseni yake, ni karatasi tu. Mtendaji anayemwambia mwananchi "njoo kesho" mwaka mzima huyavunja yaliyojengwa na Serikali. Nasi wana-visiwa, tuliofunzwa chuoni kwamba makabila yaliumbwa ili watu wajuane, tumtendee mgeni wa kwetu kama tunavyopenda ndugu zetu watendewe ng'ambo ya mkondo.