Wenye Maduka wa Lucky Summer, Mteja Amebadilika

Hapa Lucky Summer, Ruaraka, wenye maduka wana kilio kimoja: wateja wamehama. Wanazilaumu supamaketi za Barabara ya Thika, kule Thika Road Mall (TRM) ya Roysambu iliyofunguliwa mwaka 2013 na Garden City iliyofuata mwaka 2015. Lawama hiyo ina ukweli, ila haitoshi. Mama anayetaka sukari robo kilo na mafuta ya kupima ya shilingi 20 hapandi matatu kwenda Roysambu. Akilipita duka lako akaingia la jirani, ndugu yangu, jiulize wewe mwenyewe kwanza.

Mteja wa leo anataka aione bei imeandikwa, isipande na kushuka kwa kutazamwa sura. Anataka mizani imwelekee. Anataka kulipa kwa simu bila kuongezewa gharama. M-Pesa tunayo tangu mwaka 2007, na siku hizi mwenye duka anaweza kuchukua namba ya till ambayo mnunuzi akilipia hakatwi ada. Bado wapo wanaosimama nyuma ya wavu wa chuma na kusema, "Tuma na ya kutoa." Wavu siulaumu, kwani wezi tunawajua. Naulaumu ulimi ulio nyuma ya wavu. Mtoto aliyetumwa unga anangojeshwa huku muuzaji akichezea simu, na anayerudisha mkate wenye ukungu anafokewa mbele ya watu. Huyo harudi tena, na majirani zake anawaambia.

Hata hivyo, duka la mtaa lina kitu ambacho supamaketi haina: daftari la madeni. Kibarua wa viwanda vya Baba Dogo asiyelipwa mpaka Jumamosi hawezi kwenda kwenye kaunta ya supamaketi akaomba pakiti ya unga kwa ahadi. Kwa mwenye duka anayemjua, anaweza. Watoto wengi wa mtaa huu wamelala wameshiba kwa sababu ya daftari hilo.

Na sisi wanunuzi tumelilipaje? Mshahara ukiingia tunapita njia ya nyuma tusionekane na tuliyemkopa, pesa taslimu tunazipeleka supamaketi. Mtaji wa duka unakauka, rafu zinabaki wazi, kisha tunasema duka lile halina kitu. Huo ni udhalimu, na tuuite hivyo.

Madeni hayaui maduka madogo peke yake. Supamaketi ya Nakumatt ilianza kama duka la magodoro Nakuru, ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, lakini Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe. Tuskys nayo ilianguka ikidaiwa na waliokuwa wakiiletea bidhaa. Kama majitu hayo yaliangushwa na madeni, mwenye duka mwenye rafu nne atahimili vipi?

Kwa hiyo, mwenye duka, bandika bei, chukua till, tenga pesa za duka na za nyumbani, na kila unayemkopesha mwekee kikomo bila kumwaibisha. Nawe mnunuzi mwenzangu, mwisho wa mwezi huu, kabla hujapanda matatu ya Roysambu, pita kwanza dukani ulipe deni lako.