CHAMA SI PAZIA LA WAKOSAJI



Wako wenzetu wanaouliza: mambo ya Chuo Kikuu yanatuhusu nini sisi watu wa reli, tulioishia shule ya msingi? Yanatuhusu sana. Karo ya watoto wetu walio huko inatoka katika mishahara yetu na mikopo ya ushirika. Na wale wanaofagia mabweni, wanaopika jikoni na wanaoshika mafaili maofisini ni wafanya kazi kama sisi.

Basi sikilizeni yanayotendeka. Mwalimu anamwambia msichana: njoo ofisini kwangu jioni, la sivyo mtihani huu hutapita. Mkubwa wa jiko anamwambia kibarua: ukitaka kuandikwa kazi ya kudumu, wajua la kufanya. Kijana wa kiume hupata alama kwa kalamu yake. Msichana hudaiwa kalamu na mwili pia. Huo si utani, wala si mapenzi. Ni hongo, na ni ubaguzi, kwa maana kitu ni kimoja, lakini mmoja analipa mara moja na mwenzake mara mbili.

Kisha msichana huambiwa, "Karipoti." Akaripoti kwa nani? Kwa mkuu wa idara anayekunywa chai na mshitakiwa? Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Sisi wa reli twajua: gari likitoka relini, haachiwi dereva peke yake kuandika jinsi lilivyotoka.

Tazameni yaliyotokea Michigan State University, huko Marekani. Palikuwa na daktari wa wanamichezo, jina lake Larry Nassar. Wanawake walikuja kueleza kwamba tangu 1997, walipokuwa wasichana, walimwambia mkufunzi wa michezo pale chuoni jinsi daktari huyo alivyowashika. Halikufanyika neno. Mwaka 2014 mwanamke mwingine alimshitaki rasmi. Chuo kikachunguza chenyewe, kikauliza waganga waliokuwa watu wa chuo hicho hicho, kikasema hana kosa. Daktari akarudi kazini kuwashika wengine. Mwaka 2016 habari zilifika polisi na gazetini, ndipo ukuta ukapasuka. Januari 2018 wanawake zaidi ya 150 walisema kortini mmoja mmoja, na hakimu akamfunga miaka 40 hadi 175. Mkuu wa chuo alijiuzulu, na mwaka huo huo chuo kikakubali kulipa dola milioni 500. Tangu 1997 hadi 2016 ni miaka 19. Hesabuni wenyewe wangapi waliumizwa baada ya lile neno la kwanza kuzikwa.

Hapa Kenya sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, kifungu cha 23, inasema mwenye mamlaka akizidi kumwandama mtu kwa mambo ya uasherati, naye anajua hayatakiwi, atafungwa miaka isiyopungua 3, au atatozwa shilingi zisizopungua 100,000, au vyote viwili. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamlazimisha tajiri mwenye wafanya kazi 20 au zaidi atoe maandishi ya kukataza jambo hili, baada ya kushauriana na wafanya kazi au wajumbe wao. Maandishi hayo yaonyeshe njia ya kushitaki, na jina la mwenye kushitaki lisitolewe ila pale uchunguzi au adhabu inapolazimu. Je, mmeyaona maandishi hayo ukutani penu? Wajumbe wenu waliulizwa?

Sasa tuseme lililo chungu. Mara nyingine kizuizi ni sisi wenyewe. Mshitakiwa ni mwanachama, analipa ada kila mwezi, na katibu anakimbia mbio kusema, "Wakubwa wanamwonea mwenzetu." Na yule mfagiaji aliyeshitaki, yeye si mwenzetu? Shilingi ya ada yake haina sura?

Twakubali kwamba kila mshitakiwa asikizwe, aonyeshwe mashitaka yake, alete mashahidi wake. Haki hiyo vyama viliipigania, na hatutaitupa. Wengine watasema, "Wako wanawake wanaosingizia." Vema, uongo hufunuliwa kwa uchunguzi, haufunuliwi kwa kumfunga mtu mdomo. Kumtetea mtu asionewe ni kazi ya chama. Kumfichia maovu si kazi ya chama, na chama kikifanya hivyo kimekuwa nyapara wa tajiri.

Kwa hiyo twadai mambo manne:

1. Mashitaka ya namna hii yasikizwe na watu wasiokula sahani moja na mshitakiwa, na baadhi yao watoke nje ya chuo.

2. Mitihani ya mwenye kushitaki isahihishwe na mwalimu mwingine, na kibarua aliyeshitaki asiachishwe kazi wala kuhamishwa kwa kuadhibiwa.

3. Kama wote wawili ni wanachama, chama kimpe kila mmoja mtu wake wa kumsaidia, wasitumie mmoja.

4. Jibu litolewe kwa maandishi, na kwa tarehe iliyotajwa tangu mwanzo.

Nanyi dada na binti zetu, andikeni siku, saa, mahali na maneno yaliyosemwa. Ujumbe wa simu msiufute. Mwambieni mtu mnayemwamini siku ile ile. Aliyeingiliwa kwa nguvu aende hospitali upesi kabla ya kuoga, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi hutolewa kabla saa 72 hazijapita. Tena apige ripoti polisi na adai fomu ya P3.

Na ninyi wanaume, msingoje awe binti yenu. Mwenzenu akijisifu mbele yenu juu ya uchafu huu, msicheke. Kicheko chenu ndicho blanketi anayojifunika.

Mtu mmoja akilia peke yake huitwa mwongo. Tukisimama naye, ofisi itafungua mlango. Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu, wafanya kazi wa reli.