Kufunga Maji, Kufunga Umeme

Kijana mmoja wa jirani hapa Mgogoni, ambaye babake nilimfundisha, alinijia usiku baada ya Isha, suruali imeloa hadi magotini. "Shikamoo Maalim. Jikoni kwa bibi kumejaa maji." Alikuwa amefunga swichi kwenye tangi la nyumbani kwao ili pampu ijizime lijaapo.

Swichi yenyewe haifiki nusu ya kibiriti. Juu yake pana wenzo mwembamba. Boya linapopanda huusukuma. Ndani mna bati linalonesa: wenzo husogea polepole, lakini bati likifika kikomo chake hufyatuka ghafla, mithili ya mtego wa panya. Ghafla hiyo ndiyo hekima yake, kwani ncha za umeme zikiachana taratibu hutoa cheche zinazozila. Aliyeibuni alikuwa McGall, huko Freeport, Illinois, mwaka 1932, na leo imo hata katika kipanya cha kompyuta, ndiyo inayolia tunapobonyeza. Wako wanaotaka tuiite "swichi ndogo sana". Mimi naona udogo si sifa yake; ningeiita swichi ya mfyatuko.

Lakini jina hilo silo lililomlowesha kijana. Swichi hii ina miguu mitatu: mmoja wa pamoja, na miwili iliyoandikwa NC na NO. Katika daftari lake la shule alikuwa ametafsiri NC kuwa "iliyofungwa kwa kawaida". Akajiuliza, kama mtoto yeyote wa Kiswahili angejiuliza: kilichofungwa kitapitishaje? Tukifunga mfereji maji hukatika. Mlango ukifungwa hapiti mtu. Akauacha mguu ule, akaunganisha ule wa pili. Pampu ikawa kimya. Alipoubonyeza wenzo ikaunguruma, basi akaufunga kwa uzi, akaenda zake msikitini.

Sikumlaumu. Kiingereza hapa kinafikiria mzunguko, kama mkufu: ukifungwa umekamilika, na umeme unapita. Sisi tunafikiria njia. Na juu ya hayo, fundi akija kuiweka pampu twasema amekuja "kuifunga"! Neno moja, kazi tatu, na mbili kati ya hizo zinapingana.

TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, nami naiheshimu kazi ile kwa dhati. Hata hivyo istilahi haitoshi kuwa sahihi kitabuni ikiwa masikioni mwa msikilizaji inasema kinyume. Vijana wetu husoma fizikia ya sekondari kwa Kiingereza, kisha huja nyumbani kushika waya kwa Kiswahili. Hapo katikati hakuna mwalimu. Mara hii yalikuwa maji. Mara nyingine kifaa kama hicho hulinda mfuniko wa mashine ya kukandia unga, na mkono wa mtu umo ndani.

Rai yangu ni kwamba katika umeme tuliache kabisa neno "funga", tuseme "kupitisha" na "kukata". NC iwe mpito wa kawaida, NO iwe mkato wa kawaida. Najua washairi watanung'unika kuwa mkato ni wao. Nao waliuazima.

Usiku ule tulizima umeme kwenye mita, tukabadilisha waya kwa mwanga wa tochi. Kijana akaandika juu ya kifuniko kwa wino: "Huu unapitisha mpaka ubonyezwe." Ni maneno marefu mno kwa jina, lakini bibi yake aliyasoma mara moja tu, akauliza kwa nini shuleni hawakumwambia hivyo. Mwenye fupi zaidi na alilete.