JUMAPILI MOJA NA WATOTO WETU MJINI

Kila asubuhi kabla ya jua kutoka sisi wa Kawangware na Kangemi twaingia Nairobi mjini, wengine kwa matatu, wengi kwa miguu. Ofisi za mji tumezifagia, magari ya wenyewe tumeyalinda. Lakini mtoto akituuliza yule mtu wa sanamu pale Moi Avenue ni nani, wengi wetu twanyamaza.

Ni Tom Mboya. Alikuwa mkaguzi wa afya katika manispaa ya Nairobi, akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi karibu na hapo hapo. Mtoto wa mfanyakazi asimjue?

Tena bustani ya Jeevanjee haina kiingilio. Sisi twaijua kwa kulala majanini saa ya chakula, basi. Mwaka 1991 baraza la mji lilitaka kujenga humo, marehemu Wangari Maathai akasimama kupinga, na bustani ikabaki. Kutoka hapo si mbali kwenda upande wa Chuo Kikuu, mahali ambapo tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika wakitaka Harry Thuku afunguliwe, wakapigwa risasi. Muthoni Nyanjiru alikufa hapo. Wengi waliokusanyika walikuwa watu wa kazi, waliokuwa wakitembea na kipande shingoni.

Mwenzetu mmoja asema matembezi ni mambo ya matajiri. Sisi twakataa. Chai katika chupa, mandazi katika mfuko, na njia ni ile ile tunayoikanyaga kila siku. Wadogo watabebwa.

Kinachokosekana ni siku. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Lakini yaya wa Lavington Jumapili yuko Arboretum akiwatembeza watoto wa tajiri, na wake mwenyewe yuko Kawangware, amefungiwa chumbani na jirani ndiye mwenye ufunguo. Bawabu naye aambiwa hakuna wa kumpokea zamu.

Twataka tawi liweke jambo hili katika mapatano yajayo: zamu ziandikwe ukutani, na kila mtu apate walau Jumapili moja kwa mwezi isiyoguswa. Aliyenyimwa siku yake na aje ofisini na tarehe zake zimeandikwa.