Pandeni Mpaka Montenero

Watalii wengi wakishuka kwenye treni pale Riomaggiore, Italia, hukimbilia chini baharini. Picha mbili tatu na nyumba za rangi, aiskrimu, halafu treni tena. Mimi naona wanaondoka bila kukiona kijiji chenyewe.

Juu yake, kama meta 340 kutoka usawa wa bahari, kuna kanisa dogo la hija la Bikira Maria wa Montenero. Kulifikia kwa miguu ni ngazi za mawe na jasho. Tena kila kimoja cha vijiji vitano vya Cinque Terre kina kanisa la namna hii mlimani. Ukiwa pale juu ndipo unapoelewa kwamba watu hawa, pamoja na kukaa ufukweni, ni wakulima. Mlima mzima ni matuta ya mizabibu, yameshikwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji.

UNESCO iliorodhesha eneo hili mwaka 1997 kwa ajili ya matuta hayo pia. Leo mengi yametelekezwa, kupangisha vyumba kunalipa zaidi (nani atawalaumu?). Ukuta usiotengenezwa hubomoka, na udongo hauna wa kuuzuia. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilishusha matope na kuua watu Vernazza na Monterosso.

Njia ya ufukweni, Via dell'Amore, iliyofungwa 2012 baada ya mawe kuangukia watalii, ilifunguliwa tena 2024, kwa tiketi. Sawa. Ningekuwa na sauti kule, ningedai nusu ya tiketi hiyo ipande mlimani, ikamlipe fundi anayejua kupanga mawe yale.