Sheria na Wewe: Waya Mnene Kwenye Fyuzi

Huenda una vyumba vya kupangisha hapo Babati mjini. Au labda wewe ndiye mpangaji. Jambo hili linawahusu nyote.

Tuseme nyumba ina vyumba sita. Wapangaji wote wanatumia luku moja. Usiku mpangaji mmoja anawasha pasi na jiko la umeme pamoja. Fyuzi inakatika. Maduka yamefungwa. Basi anachukua waya mnene, anafunga pale pale. Taa zinawaka. Kila mtu anafurahi.

Fyuzi ni waya mwembamba. Kazi yake ni kukatika. Umeme ukizidi, inakatika kabla nyaya za nyumba hazijashika moto. Waya mnene haukatiki. Nyaya zitaungua juu ya dari, watu wamelala.

Nani atengeneze? Mwenye nyumba husema, "Aliyeharibu alipe." Kweli, lakini hiyo ni nusu ya kweli. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inamtaka anayepangisha chumba akitunze kiwe kinafaa kuishi muda wote wa upangaji. Vitu vinavyotumiwa na wapangaji wote, ni juu yake kuvitengeneza. TANESCO wao huishia kwenye mita. Nyaya za ndani ni zako, mwenye nyumba.

Kwa hiyo zima mein switchi leo. Mwite fundi mwenye leseni, umlipe. Kisha mdai mpangaji. Sheria hiyo hiyo inamtaka arudishe chumba kama alivyokipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Waya kwenye fyuzi si uchakavu! Deni linaweza kusubiri mwezi. Watoto wa chumba cha nne hawawezi.

Ili udai, uwe na ushahidi. Upangaji usiozidi mwaka mmoja unaweza kuwa wa mdomo tu. Lakini mdomo husahau, na wewe sasa unajua kuandika. Mpangaji anapoingia andikeni: "Mein switchi nzima, fyuzi nzima, mtungi wa kuzimia moto mmoja." Wote mtie sahihi. Tunza na risiti ya fundi. Mkishindwana, mwoneni mwenyekiti wa mtaa. Baraza la Kata nalo husuluhisha.

Nawe mpangaji, ukiuona waya huo usinyamaze kwa kuogopa jirani. Moto ukitokea, toeni watu kwanza. Usimwagie maji moto wa umeme. Piga simu namba 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.